Kumchagua Mwenyekiti wa Kijiji na Diwani wa Kata

Mazungumzo ya leo ni habari ya uchaguzi. Lakini sitasema habari ya uchaguzi wa Rais wala wa Wabunge, maana habari hizo husikika kila mahali. Nataka kusema habari ya uchaguzi ule ambao watu huuita mdogo, yaani kumchagua mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji, na diwani wa kata. Nataraji kwamba nitakapokwisha kusema mtaona kuwa mambo yaamuliwayo na watu hawa si madogo hata kidogo: ni shamba, njia, maji, na fedha za ushuru.

Yafaa kwanza tujue kila mmoja ni nani, kwa sababu watu wengi huwachanganya. Kata ya Bulongwa imo katika wilaya ya Makete, nayo wilaya hiyo imo katika mkoa wa Njombe. Zamani Makete ilikuwa sehemu ya wilaya ya Njombe, ikatengwa kuwa wilaya peke yake mwaka 1979. Na mkoa wa Njombe ulikatwa kutoka mkoa wa Iringa mwaka 2012. Chini ya wilaya ziko kata, chini ya kata viko vijiji, na chini ya kijiji viko vitongoji.

Katika kijiji, mwenye sauti ya juu ni mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume au mwanamke, tajiri au maskini, aliyesoma au asiyesoma. Mkutano huo hauwezi kukaa kila siku, na kwa hiyo kuna halmashauri ya kijiji, yenye watu wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Ndani yake wamo mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji, na wajumbe wengine. Na sheria yataka wanawake wasiwe chini ya robo yao. Hawa wote hukaa miaka mitano, kisha hurudi kwa watu kuomba tena au kuaga.

Kila kata humchagua diwani mmoja, naye huenda kukaa katika halmashauri ya wilaya pamoja na madiwani wa kata nyingine na madiwani wanawake wa viti maalum. Madiwani hao ndio wamchaguao mwenyekiti wa halmashauri miongoni mwao. Lakini mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, na afisa mtendaji wa kijiji ni mtumishi wa kuajiriwa mwenye mshahara. Basi, msikilizaji, ukiwa na shauri ujiulize kwanza: je, mtu huyu nilimchagua, au aliletwa kufanya kazi? Yule uliyemchagua waweza kumwondoa kwa kura. Yule wa kuajiriwa huondolewa na mamlaka iliyomwajiri, lakini yampasa kukueleza kazi yake, na mwenyekiti uliyemchagua ndiye wa kumwuliza kwa niaba yako.

Desturi hii ya kuulizwa haikuwako siku zote. Wazee wa Ukinga walikuwa na watwa, watawala wao wa kienyeji, kabla ya Wadachi kuitawala nchi hii. Wamisionari wa Berlin walipofika Bulongwa mwaka 1895, waliwakuta watawala hao. Baada ya Vita Kuu ya kwanza nchi ikawa mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1926 gavana Donald Cameron akaweka sheria ya utawala wa wenyeji. Kwa sheria hiyo machifu walipewa kazi ya kukusanya kodi, kuhukumu mashauri na kutangaza amri. Chifu mwema aliwasikiliza wazee wake, lakini hapakuwa na siku ambayo mtu wa kawaida aliambiwa, “Haya, sema unamtaka nani.” Chifu alithibitishwa na Serikali, na Serikali ndiyo iliyoweza kumwondoa.

Mwaka 1953 ikatoka sheria nyingine ya kuanzisha halmashauri za mahali, na mwaka 1958 ndipo ulipoanza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Lakini kura ya siku zile haikuwa ya watu wote. Mtu alitakiwa kuwa na elimu ya kutosha, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo maalum. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuwachagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, hata kama alimtaka mmoja tu. Mkulima wa Ukinga aliyelima ngano yake na kulipa kodi yake kila mwaka, kama hakuwa na elimu ile wala pauni zile, alikaa nje akawatazama wengine wakichagua. Haki ambayo leo mtu aweza kuiacha kwa sababu mvua inanyesha, babu yake alinyimwa kwa sheria iliyoandikwa.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ukaondolewa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya nazo zikavunjwa, na kazi zake zikapewa watumishi wa Serikali mikoani na wilayani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kupeleka madaraka karibu na watu. Lakini mtumishi aliyetumwa kutoka juu huangalia juu, maana huko ndiko atokako mshahara wake na amri yake. Sheria mpya zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba kuziondoa serikali za mitaa lilikuwa kosa. Basi halmashauri tulizo nazo ni kitu kilichopotea kwa miaka kumi na miwili kisha kikarudishwa.

Sasa tutazame ng’ambo kidogo, kwa sababu wengi hudhani kwamba Waingereza walizaliwa na kura mkononi. Sivyo. Miji mingi ya Uingereza ilikuwa na mabaraza ya watu wachache, ambao mmoja akifa wenzake walimchagua wa kujaza nafasi yake, na watu wa mji hawakuulizwa. Mwaka 1835 Bunge lao likatunga sheria iliyotengeneza miji 178, ikaamuru kwamba wanaume wakaao mjini na kulipa kodi ya mji wawachague madiwani wao. Lakini kura haikuwa ya siri. Ilijulikana ni nani aliyemchagua nani. Mwenye nyumba aliweza kujua mpangaji wake amefanya nini, na mwenye kiwanda aliweza kujua habari za wafanya kazi wake. Hali hiyo ikadumu mpaka mwaka 1872, ilipotoka sheria ya kura ya siri. Wanawake waliolipa kodi na wasio na waume walipewa kura ya mji mwaka 1869, na mwaka 1907 ndipo walipopata ruhusa ya kuchaguliwa kuwa madiwani. Hata leo mji wa Kiingereza hugawanywa katika kata, kama wilaya yetu, na kwa kawaida uchaguzi hufanywa siku ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Mei. Wagombea wawili wakilingana kura, huamuliwa kwa bahati nasibu mbele ya watu. Pamoja na hayo yote, mara nyingi huja kupiga kura kama mtu mmoja tu katika watatu. Uzembe, basi, hauna taifa.

Nimetaja siri ya kura, nami nataka kukaa hapo kidogo. Wako watu wasemao, “Mimi ni mtu wa kweli, sina la kuficha; kwa nini nijifiche ndani ya kibanda kama mwizi?” Maneno haya yana sura nzuri, lakini si sawa. Siri ya kura haikuwekwa kwa ajili ya mwenye nguvu, bali kwa ajili ya mjane anayemdai jirani mpaka wa shamba, kijana afanyaye kibarua katika msitu wa mtu mwingine, na mtu mwenye deni dukani. Hao wakipiga kura mbele ya macho ya watu, kura yao si yao tena, ni ya yule wamwogopaye.

Jirani zetu wa Kenya walilijaribu jambo hilo mwaka 1988. Katika kuwateua wagombea wa chama, watu waliambiwa wajipange mistari nyuma ya mgombea wamtakaye au picha yake, wakahesabiwa. Uchaguzi huo watu wakauita mlolongo. Ikawekwa kanuni kwamba aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mstari amekwisha kuchaguliwa, bila kura ya siri kufuata. Malalamiko yalikuwa makubwa, maana pengine mstari mrefu ulitangazwa kuwa mfupi na mfupi kuwa mrefu. Watu wakiisha kutawanyika, mstari haubaki. Haiwezekani kuuhesabu tena. Karatasi iliyomo sandukuni hubaki, na huweza kuhesabiwa mara ya pili mbele ya mashahidi. Hii ndiyo faida nyingine ya kura ya siri ambayo aghalabu haitajwi.

Wengine husema, “Kura yangu moja itafaa nini?” Hao nawajibu kwa mambo yaliyotukia. Katika Zanzibar, mwezi wa Januari 1961, viti vilivyogombewa vilikuwa 22. Katika jimbo la Chake Chake, kisiwani Pemba, mgombea wa Afro-Shirazi alishinda kwa kura moja tu. Chama chake kikapata viti 10, Hizbu 9, na chama cha tatu viti 3. Wale watatu wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, wala serikali haikuweza kuundwa; ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni. Mtu mmoja wa Chake Chake angaliumwa kichwa siku ile akabaki nyumbani, mambo ya nchi nzima yangalikwenda njia nyingine.

Na huko Uingereza, katika mji wa Battersea ulio ndani ya London, madiwani walikutana mwaka 1913 kumchagua mkuu wa mji. Aliyechaguliwa ni John Archer, mtu mweusi, mzaliwa wa Liverpool, ambaye baba yake alitoka kisiwa cha Barbados. Alipata kura 40 na mwenzake 39. Ikiwa kura moja yaweza kugeuza mambo katika kisiwa na katika mji mkubwa, seuze katika kitongoji chenye nyumba chache, ambako mara nyingi mshindi na mshindwa hutengana kwa watu wa ukoo mmoja!

Sasa niseme jambo la kazi, ambalo huwapotezea watu haki yao. Ziko daftari mbili, na chaguzi mbili, katika miaka miwili mbalimbali. Uchaguzi wa vijiji na vitongoji husimamiwa na wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa, na daftari yake huandikwa upya katika kitongoji unachokaa, siku chache kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 uandikishaji ulifanywa kuanzia tarehe 11 mpaka 20 Oktoba. Uchaguzi wa diwani hufanywa pamoja na ule wa Rais na Wabunge, husimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na daftari yake ni ile ya kudumu, yenye kadi. Mtu mwenye kadi hudhani kwamba kadi yake yatosha kwa uchaguzi wa kijiji. Siku ikifika hulitafuta jina lake asilione, akarudi nyumbani amekasirika. Wa kulaumiwa si kadi. Tangazo lilibandikwa ubaoni, naye hakulisoma. Nanyi wanafunzi, hapa ndipo pa kuwafaa wazazi wenu: tangazo likibandikwa, lisomeni, mkawaambie nyumbani siku na mahali.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Makete, kwa kuwa Wakinga ni wasafiri. Vijana wetu hufanya biashara Makambako, Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko, na wengi hurudi kwa sikukuu au kwa mazishi. Kura ya kijiji ni ya mkazi. Aliye Makambako achague mwenyekiti wa mtaa wake huko, wala asidhani kwamba kwa kuwa amejenga nyumba ya bati Bulongwa ndiye wa kuwaamulia waliobaki. Na waliobaki aghalabu ni akina mama na wazee. Hao ndio wachotao maji, wapelekao watoto zahanati, na walimao viazi; basi hao ndio wajuao mahali kiatu kinapobana. Mwanamke asingoje barua au simu ya mume wake kumwambia amchague nani. Sheria imempa kura yake mwenyewe, na kibanda kina nafasi ya mtu mmoja.

Liko jambo zito zaidi, nami sitalipita kimya. Kuchagua maana yake ni kuwa na wawili au zaidi mbele yako. Karatasi yenye jina moja yaweza kuwa halali kwa sheria, lakini haimpi mwananchi nafasi ya kupima. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa vijiji, vikilalamika kwamba wagombea wao wengi wameenguliwa. Chama cha Mapinduzi kikachukua karibu nafasi zote, na wengi wakapita bila kupingwa. Mwaka 2024 chama hicho kilitwaa tena karibu nafasi zote, na malalamiko ya kuenguliwa yakasikika tena. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kuwachagua Rais, Wabunge na madiwani, chama kikuu cha upinzani hakikuwamo, ghasia zikatokea katika miji kadhaa, na watu wakapoteza maisha yao. Haya ni mambo ya huzuni, na kila mwenye kuipenda nchi yampasa kuyafikiri.

Wala hayakuwa lazima kuwa hivyo. Hata siku za chama kimoja nchi hii ilijua maana ya wawili. Mwaka 1965 wagombea wote walikuwa wa TANU, lakini karibu kila jimbo walikuwa wawili, mmoja na alama ya jembe na mmoja na alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Watu wakachagua kweli. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, akashindwa kiti chake. Ikiwa mkulima aliweza kumwambia waziri, “Sasa yatosha,” bila vita wala matusi, kijiji nacho chaweza kumwambia mwenyekiti wake hivyo hivyo, mradi awepo mtu wa pili wa kusimama. Kwa hiyo nawaomba wenye akili na uaminifu, hasa walimu waliostaafu, akina mama wa vikundi, na vijana waliomaliza shule, wasiuogope ugombea. Sheria yataka mgombea awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika, na awe mwanachama wa chama kilichomdhamini. Haitaki awe tajiri.

Na kura ikiisha kupigwa, kazi haijaisha. Hapa ndipo tulipo dhaifu kuliko mahali pengine pote. Mkutano mkuu wa kijiji wapaswa kukutana kila miezi mitatu, kusomewa mapato na matumizi. Hudhurieni. Mwulizeni mwenyekiti: ushuru wa mbao na viazi uliotoka hapa umerudi kwetu kwa njia gani? Fedha za mikopo, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambazo zimetengwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, zimemfikia nani katika kata yetu?

Zaidi ya yote, angalieni ardhi. Siku hizi miteremko yetu yatafutwa na watu wa mbali watakao kupanda misonobari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Maneno hayo ni boma imara. Lakini boma halina kazi ikiwa mwenye nyumba hayumo ndani. Wakija watu wachache mkutanoni, wakanyosha mikono, kisha muhtasari ukaandikwa kwamba kijiji kimekubali, mlima hutoka mikononi mwenu kwa muda wa mti kukua na kukatwa, na pengine zaidi. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Basi, ndugu wasikilizaji, nimekwisha. Kwa kawaida ya miaka mitano, uchaguzi mwingine wa vijiji watazamiwa mwaka 2029, na wa madiwani mwaka 2030. Miaka hiyo si mbali. Kabla haijafika, mkutano mkuu wa kijiji chenu utaitwa mara nyingi. Uanzeni uchaguzi huo sasa, kwa kwenda kwenye mkutano ujao na kuketi mbele, mahali ambapo mwenyekiti atawaona na sauti zenu zitasikika.